Mswada si Sheria, Amri si Kanuni: Msamiati wa Sheria na Bunge kwa Mifano ya Mpakani Busia

Mwalimu wa Kiswahili hukutana mara nyingi na sentensi kama hii katika insha za wanafunzi: “Bunge lilipitisha sheria lakini rais akakataa kuitia saini.” Kisarufi sentensi haina ila. Upatanisho wa ngeli uko sawa na wakati umezingatiwa. Hata hivyo ina kosa la maana. Kitu ambacho rais amekataa kukitia saini bado hakijawa sheria. Ni mswada. Mwanafunzi aliyeandika hivyo amekipa kitu jina la hatua ambayo hakijaifikia.

Makala haya yananuia kumsaidia mwalimu na mtahiniwa kutofautisha istilahi za kisheria na za bunge zinazokaribiana kimaana. Istilahi hizi hutokea katika sajili za mahakama na bunge kwenye isimujamii, katika insha na katika ufahamu. Hutokea pia katika fasihi, na huko ndiko madhara ya kuzichanganya huwa makubwa zaidi, kwa kuwa mhakiki anayezichanganya huishia kumhukumu mhusika ambaye mwandishi hajamfikisha mahakamani.

Kabla ya kuliandika neno lolote la kisheria, mtahiniwa ajiulize maswali matatu. Je, nani amekitoa kitu hiki? Kimefikia hatua gani? Kinamfunga nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenga neno na neno.

Mifano ya Bukhayo

Mifano mingi hapa imetolewa Bukhayo, nchi ya Wakhayo katika Kaunti ya Busia, na pia Malaba iliyo kaskazini zaidi kwenye mpaka huohuo wa Kenya na Uganda. Eneo hili ni shule nzuri ya msamiati. Neno “boda boda”, ambalo leo linasikika kote Afrika Mashariki, linahusishwa na waendeshaji baiskeli waliovusha watu na mizigo katika mpaka huu. Aidha, mkazi wa hapa huishi chini ya watunga sheria watatu kwa wakati mmoja: bunge la kaunti, Bunge la Kenya lililoko Nairobi, na Bunge la Afrika Mashariki lenye makao yake Arusha. Akipiga hatua chache kuelekea magharibi, anaingia chini ya mtunga sheria wa nne, Bunge la Uganda.

Chukua mwanamke wa Bukhayo anayenunua bidhaa upande wa Uganda ili aziuze katika soko la Busia. Akisimamishwa njiani na kuambiwa “sheria hairuhusu”, ana haki ya kujua ni sheria gani, imetungwa na nani. Huenda ni sheria kweli. Huenda pia ni kanuni, ada ya kaunti, au amri tu ya mtu aliyesimama mbele yake. Asiyeweza kuyatenga maneno haya hulipa asichodaiwa, au hujitia katika njia za panya kwa kuogopa kosa ambalo hajalitenda.

Mswada na sheria

Mswada ni pendekezo la sheria lililoandikwa na kuwasilishwa bungeni. Husomwa mara ya kwanza, hujadiliwa katika hatua ya kusomwa mara ya pili, huchambuliwa na kamati, kisha husomwa mara ya tatu. Ukiungwa mkono na wengi, husemwa umepitishwa. Hata hapo bado ni mswada. Hugeuka sheria unapotiwa saini, na hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kabla ya kuanza kutumika.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2024. Mnamo tarehe 25 Juni mwaka huo, Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha Mswada wa Fedha wa 2024 huku maandamano yakiendelea katika miji mingi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, akaurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyake vyote viondolewe. Kwa hivyo hapakuwahi kuwa na “Sheria ya Fedha ya 2024” iliyotokana na mswada huo. Mtahiniwa anayeandika kwamba vijana walipinga “Sheria ya Fedha ya 2024” amekosea jina na hatua pia, na amewanyima vijana hao ushindi wao, kwa sababu walichokizuia ni mswada usigeuke sheria.

Linganisha na mwaka uliotangulia. Mswada wa Fedha wa 2023 ulitiwa saini tarehe 26 Juni 2023, ukawa Sheria ya Fedha ya 2023. Miongoni mwa walioipinga mahakamani alikuwamo Okiya Omtatah, aliyechaguliwa kuwa seneta wa Busia mwaka 2022. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza sheria hiyo yote kuwa kinyume cha katiba. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, na sheria ikasimama tena.

Hapa pana vitenzi ambavyo mwalimu anafaa kuviandika ubaoni. Bunge hurekebisha sheria linapobadilisha sehemu zake, na huifuta linapoiondoa kabisa. Mahakama haifuti sheria kwa maana hiyo. Huibatilisha, yaani hutangaza kwamba haina nguvu kwa kuwa inakiuka katiba. Mahakama ya ngazi ya juu nayo hutengua uamuzi wa mahakama iliyo chini yake. Rais harekebishi wala habatilishi. Hutia saini au hurudisha.

Mwalimu wa fasihi ana njia rahisi ya kulikaza neno mswada akilini mwa wanafunzi. Neno hilohilo hutumika kwa andiko la mwandishi ambalo halijachapishwa. Asili yake ni Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya weusi, yaani karatasi iliyotiwa wino, rasimu. Riwaya iliyo mikononi mwa mhariri ni mswada, na pendekezo lililo mbele ya wabunge ni mswada. Vyote viwili vimeandikwa, na vyote viwili vinangoja uamuzi wa mwingine.

Katiba, mkataba, itifaki, sheria, kanuni, amri

Maneno haya yote hutaja maagizo yanayowafunga watu, lakini ngazi zake hazilingani.

Katiba ndiyo sheria kuu ya nchi. Jina lake lina mzizi mmoja na kitabu na katibu, yaani kuandika. Katiba ya Kenya inayotumika sasa ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, baada ya wananchi kuipigia kura ya maoni. Sheria yoyote inayopingana nayo ni batili.

Mkataba ni makubaliano yenye nguvu ya kisheria baina ya pande mbili au zaidi. Watu wawili wanaweza kuwa na mkataba wa kukodi duka, na mataifa pia huweza kuwa na mkataba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000.

Itifaki ni makubaliano yanayofuata mkataba ili kufafanua utekelezaji wa jambo moja mahususi. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa saini mwaka 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Tanbihi: itifaki pia ina maana ya utaratibu wa heshima katika hafla za viongozi. Muktadha ndio huamua.

Sheria hutungwa na bunge. Bunge la Afrika Mashariki nalo hutunga sheria, na miswada yake huwa sheria baada ya kuridhiwa na wakuu wa nchi wanachama. Vituo vya pamoja vya Busia na Malaba huendeshwa kwa sheria ya namna hii, ya mwaka 2016. Msafiri anayetoka Kenya kwenda Uganda hasimami tena pande zote mbili. Husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja. Ndani ya eneo hilo, afisa wa Kenya aliyekaa katika ardhi ya Uganda anaweza kutekeleza sheria za Kenya. Hapa mwanafunzi ataona tofauti ya mpaka na mamlaka: mpaka ni mstari wa ardhi, na mamlaka ni uwezo wa kisheria wa kutenda. Kwa kawaida hukomea mahali pamoja, lakini katika kituo cha pamoja mamlaka huvuka mpaka kwa ruhusa ya sheria.

Kanuni hutungwa na waziri au chombo kilichopewa uwezo huo na sheria. Sheria husema jambo lifanyike, na kanuni hueleza litakavyofanyika: fomu gani, ada gani, muda gani. Kanuni haiwezi kuwepo bila sheria iliyoizaa, wala haiwezi kuipita. Katika ushairi pia husemwa “kanuni za arudhi”, nazo hazitungwi na bunge lolote bali na mapokeo. Mshairi anayezikiuka hashtakiwi.

Sheria ndogo ni agizo la mamlaka ya mji au wilaya lenye kutumika katika eneo hilo tu. Nchini Kenya, mabaraza ya miji na wilaya yalitunga sheria ndogo hadi yalipoondolewa baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mabunge ya kaunti yaliyochukua nafasi yao hayana hadhi ileile. Kinachopitishwa na Bunge la Kaunti ya Busia na kutiwa saini na gavana ni sheria kamili, si sheria ndogo. Nchini Tanzania, halmashauri za wilaya na miji bado hutunga sheria ndogo. Hivyo neno hili si la kutupwa, bali ni la kutumiwa mahali pake.

Amri hutoka kwa mtu mwenye cheo au kwa mahakama. Amri ya mahakama hufuata sheria. Amri ya mkubwa yeyote huwa halali ikiwa tu kuna sheria iliyompa uwezo wa kuitoa.

Turudi kwa yule mwanamke wa Bukhayo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti rahisi cha uasilia bila kulipiwa ushuru wa forodha. Jambo hilo lina mizizi katika itifaki, sheria na kanuni. Afisa akimwambia alipe ushuru huo hata hivyo, amempa amri isiyo na sheria nyuma yake. Akimwambia alipe ada ya soko ya kaunti, hilo ni jambo jingine lenye sheria yake.

Maneno ya pesa

Kwa kuwa tumegusia malipo, tutofautishe matano. Ushuru wa forodha hutozwa bidhaa inapovuka mpaka. Ada hulipwa kwa ajili ya huduma au ruhusa fulani, kama vile kutumia soko. Faini ni adhabu, huagizwa na mahakama au chombo kilichopewa uwezo huo na sheria, na huingia katika hazina ya umma. Fidia hulipwa aliyeumizwa. Dhamana si adhabu wala malipo. Ni ahadi au pesa zinazowekwa ili mshtakiwa aachiliwe huku kesi ikiendelea, kwa sharti kwamba atarudi mahakamani. Mtahiniwa anayeandika kwamba mhusika “alilipa dhamana, kesi ikaisha” amechanganya dhamana na faini.

Mtu mmoja, majina mengi

Katika sajili ya mahakama, mtu huyohuyo hubadilisha jina kadiri kesi inavyosonga mbele. Polisi wakimdhania kuwa ametenda kosa, ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu, ni mshtakiwa. Akipatikana na hatia na kufungwa, ni mfungwa. Asipopatikana na hatia huachiliwa huru, na hapo hana jina jingine ila lake mwenyewe. Neno mhalifu halifai kutumiwa kabla ya hatia kuthibitishwa. Anayeandika kwamba “polisi walimkamata mhalifu” amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu.

Vivyo hivyo, kuzuiliwa si kufungwa. Mshukiwa huzuiliwa katika seli ya polisi, nayo mahakama humfunga mtu gerezani. Hukumu ni uamuzi unaotolewa mwisho wa kesi. Adhabu ni kile mkosaji anachopewa baada ya hatia kuthibitishwa. Kila adhabu halali hutanguliwa na hukumu, lakini si kila hukumu huleta adhabu.

Kuna pia kesi ya jinai na kesi ya madai. Katika jinai, serikali humshtaki mtu kupitia kiongozi wa mashtaka. Katika madai, mdai humfikisha mdaiwa mahakamani akitaka haki yake, kama vile deni au fidia. Hakimu husikiliza kesi katika mahakama za chini na jaji katika Mahakama Kuu na zilizo juu yake. Maneno hakimu, hukumu na mahakama yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwanafunzi akiyaweka katika mstari mmoja atakumbuka kwa urahisi: hakimu hutoa hukumu katika mahakama.

Pande mbili za Kiswahili

Mtahiniwa anayesoma vitabu vya Kenya na Tanzania atakutana na majina tofauti ya kitu kimoja. Kenya huandika mswada, Tanzania muswada. Aitwaye mshukiwa Kenya huitwa mtuhumiwa Tanzania. Mlalamishi wa Kenya ni mlalamikaji wa Tanzania, kiongozi wa mashtaka ni mwendesha mashtaka, na rufaa ni rufani. Katiba ya Tanzania ya 1977 imegawanywa katika ibara, na sheria za kawaida katika vifungu. Magazeti ya Kenya mara nyingi hutumia kifungu kwa vyote viwili. Neno mwakilishi nalo lataka uangalifu: Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na Kenya husikika zaidi katika “mwakilishi wadi”, yaani mjumbe wa bunge la kaunti.

Hakuna upande ulio sahihi kuliko mwingine. Sharti ni moja: mtahiniwa achague upande mmoja na audumishe katika insha nzima.

Umuhimu wa msamiati huu umezidi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uganda ilikitaja katika katiba yake kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Msamiati huu katika uhakiki

Sasa tuingie katika fasihi. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, Majoka anafunga soko la Chapakazi. Watahiniwa wengi wangesema Majoka “ametunga sheria” ya kufunga soko. Je, bunge liko wapi? Mswada uko wapi? Alichotoa ni amri. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maudhui ya udikteta katika tamthilia: neno la mtu mmoja limechukua nafasi ya sheria. Mtahiniwa anayeliita neno hilo “sheria” amempa Majoka uhalali ambao mwandishi amemnyima. Vilevile Ashua anapotiwa ndani, hajashtakiwa wala hajahukumiwa. Amezuiliwa. Ukisema “amefungwa kwa makosa yake”, umesimama upande wa Majoka bila kujua.

Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, mji wa Cheneo unaongozwa na Meya Sosi na madiwani. Hapo pana baraza la mji, si bunge. Tamthilia hii ilichapishwa mwaka 2009, kabla ya serikali za kaunti. Kuwaita madiwani hao “wabunge”, au maamuzi yao “sheria za bunge”, ni kuipotosha ngazi ya uongozi ambayo mwandishi ameikusudia.

Mfano wa tatu ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyotolewa mwaka 1969. Shylock anaingia mahakamani akiwa mdai. Ana mkataba, na anataka mkataba utekelezwe neno kwa neno. Kabla hajatoka, mambo yamegeuka: anatajiwa sheria inayomwadhibu mgeni anayetaka kuutoa uhai wa raia, naye aliyekuja kama mdai anasimama kama mkosaji. Mtahiniwa mwenye maneno mdai, mkataba, jinai na adhabu ataueleza mgeuko huo kwa sentensi mbili. Asiye nayo atasimulia ukurasa mzima.

Sheria na haki

Mwisho kuna jozi inayochanganywa kuliko zote. Sheria ni agizo lililotungwa. Haki ni kile mtu anachostahili, na pia ni usawa katika kuamua. Mtu huweza kutendewa kwa mujibu wa sheria na akakosa haki. Anaweza pia kuwa na haki iliyoandikwa katika sheria asiipate kwa sababu hajui kuidai kwa jina lake. Ukiulizwa kuhusu maudhui ya haki katika kitabu, usijibu kwa kuorodhesha mashtaka na vifungo. Onyesha mahali ambapo sheria na haki zinaachana, na nani anaumia zinapoachana.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usiridhike na sentensi iliyopatanishwa vizuri. Muulize mwanafunzi: nani amekitoa, kimefikia wapi, kinamfunga nani? Mwanafunzi wa Nambale au Matayos anayejibu vyema darasani ataweza kuuliza maswali hayohayo siku atakaposimamishwa mpakani na mzigo wake.

Mazoezi

1. Sahihisha huku ukitoa sababu: “Gavana alibatilisha mswada uliopitishwa na madiwani wa kaunti.”

2. Eleza tofauti ya kimaana baina ya: (a) mshukiwa na mshtakiwa, (b) faini na fidia, (c) kanuni na amri, (d) kufuta na kubatilisha.

3. Tunga mazungumzo mafupi baina ya afisa wa forodha na mfanyabiashara katika kituo cha Busia au Malaba. Tumia maneno haya ipasavyo: itifaki, sheria, ada, ushuru, mamlaka.

4. “Penye amri pasipo sheria hapana haki.” Jadili kauli hii ukirejelea tamthilia yoyote uliyoisoma.